Kalori Zilezile, Shibe Tofauti: Mwongozo wa Kupanga Chakula Unapopunguza Uzito

Chukua viazi mviringo. Ukivichemsha, kalori 240 unazipata kwenye gramu 275 hivi, yaani viazi vitatu vya wastani vinavyojaza sahani ndogo. Ukivikaanga chipsi, kalori zilezile 240 zinatoka kwenye gramu 80 tu, kiasi kinachoenea kiganjani. Ukiandika kwenye daftari la kalori, namba ni moja. Tumbo halioni hivyo.

Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, waliwapa watu vyakula 38, kila kimoja kwa kipimo cha kalori 240, kisha kwa saa mbili wakawa wanawauliza wameshiba kiasi gani. Viazi vya kuchemsha viliongoza: vilishibisha zaidi ya mara tatu ya mkate mweupe. Mkiani kulikuwa na kroasanti, ule mkate laini wa siagi, ambayo haikufikia hata nusu ya shibe ya mkate mweupe.

Mwongozo huu umesimama juu ya jambo hilo. Wengi wetu tukiamua kupungua tunapakua programu ya simu, tunahesabu kalori wiki mbili, njaa inatuzidi nguvu, tunaacha, na kilo zinarudi na nyongeza. Sisemi kalori ni uongo. Mwili haupungui mpaka uingize nguvu pungufu kuliko inayotumika, na hakuna chakula cha kichawi kinachokwepa sheria hiyo. Ninachosema ni kwamba aina ya chakula ndiyo inayoamua kama upungufu huo utauvumilia miezi sita au siku sita. Ndiyo maana hatua nitakazoeleza hazianzi na kuhesabu. Zinaanza na kikombe, sufuria na sahani.

KWANZA TUELEWANE: KWA NINI NAMBA PEKEE HAITOSHI

Hesabu tunazosoma kwenye pakiti zinatokana na kazi ya Wilbur Atwater, mkemia wa Marekani wa mwishoni mwa karne ya 19. Gramu moja ya wanga au protini ilipewa kalori 4, ya mafuta 9. Hizo ni namba za wastani, na zinafaa kama wastani. Ila chakula halisi kina umbo, ugumu na nyuzinyuzi, na mwili haukiingizi chote sawasawa. Mwaka 2012 watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, kituo cha Beltsville, waliwalisha watu lozi nzima na kupima kilichotoka upande wa pili. Gramu 28 za lozi, ambazo kwa hesabu ya kawaida zina kalori 170 hivi, ziliwapa watu wale kalori 129 tu. Mafuta mengine yalibaki yamefungwa ndani ya kuta za chembe za lozi na kupita bila kuguswa. Karanga nzima nazo huwa hivyo ukizilinganisha na karanga zilizosagwa zikawa siagi: mashine imeshafanya kazi ambayo meno na utumbo vilipaswa kuifanya.

Kuna gharama ya umeng'enyaji pia. Katika kila kalori 100 za protini, mwili hutumia 20 hadi 30 kuishughulikia protini yenyewe. Wanga hugharimu 5 hadi 10, mafuta 0 hadi 3. Mtu anayekula samaki na mtu anayekunywa mafuta ya samaki hawabaki na kiasi kimoja, hata wakianza na namba moja.

Lakini kubwa kuliko yote ni hamu ya kuendelea kula. Mwaka 2019 Kevin Hall na wenzake wa Taasisi za Taifa za Afya za Marekani waliwaweka watu 20 hospitalini kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi, wiki mbili vyakula vya kawaida visivyosindikwa. Milo iliyowekwa mezani ilisawazishwa kwa kalori, sukari, mafuta, nyuzinyuzi na chumvi, na kila mtu aliruhusiwa kula mpaka atosheke. Kwenye vyakula vya kiwandani walikula takriban kalori 500 zaidi kila siku na kuongezeka karibu kilo moja. Kwenye vyakula vya kawaida walipungua kiasi hichohicho. Hakuna aliyeambiwa ajinyime.

Na mazoezi? Jibu zuri lipo hapa nyumbani Tanzania. Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi hutembea kilomita nyingi kila siku wakiwinda, wakichimba mizizi na kutafuta asali. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walipima nguvu inayotumiwa na miili yao, wakakuta kwamba ukizingatia ukubwa wa mwili, haizidi ile ya watu wa Marekani na Ulaya wanaoshinda wamekaa. Mwili unajua kubana matumizi mahali pengine. Tembea, kimbia, nyanyua vitu vizito; moyo, misuli na sukari ya damu vitakushukuru. Ila usitegemee miguu ikuondolee kitambi huku sahani ikibaki vilevile.

KABLA YA KUANZA

Pima uzito asubuhi, baada ya haja na kabla ya chai. Pima kiuno usawa wa kitovu kwa futi kamba ya fundi cherehani. Kipimo rahisi cha kukumbuka: kiuno kisizidi nusu ya kimo chako. Mwenye sentimita 160 alenge chini ya 80. Mimi kiuno nakiamini kuliko mizani, maana mafuta yanayosumbua zaidi ni yale ya tumboni.

Kisha kwa siku tatu andika kila kitu kinachoingia mdomoni, bila kubadilisha chochote. Andika na karanga za barabarani, na kile kipande cha chapati ulichomega ukiwa jikoni, na maziwa ya mtoto uliyomalizia.

Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto, wanaotumia insulini au vidonge vya kisukari, na wenye ugonjwa wa figo wazungumze na daktari kwanza. Dawa za kisukari zikikutana na chakula kilichopunguzwa ghafla zinaweza kushusha sukari mpaka mtu azimie. Na kama unapungua bila kufanya lolote, hiyo si habari njema: nenda ukapimwe, hasa ukiwa na kikohozi, homa za jioni au kiu isiyoisha.

HATUA YA 1: ANZA NA VINYWAJI

Naanza hapa kwa sababu hapa ndipo mtu anapopungua bila kuhisi amenyimwa chakula.

Piga hesabu ya chai. Kijiko kimoja cha sukari ni gramu 4 hivi kikiwa sawasawa, na sisi huwa tunakijaza mlima. Tuseme ni sawasawa. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kikombe, ni gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongeza isizidi gramu 50 kwa siku kwa mtu mzima wa kawaida, na ingekuwa bora ikae chini ya 25. Kwa hiyo chai peke yake imemaliza karibu kibali chote, hujagusa soda wala andazi. Soda ya kola ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50, vijiko zaidi ya kumi.

Tatizo la sukari ya majimaji ni kwamba tumbo haliitambui kama chakula. Mwaka 2000 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, waliwapa watu kalori 450 za sukari kila siku kwa wiki nne. Kipindi kimoja zilikuja kama peremende za kutafuna, kingine kama soda. Walipotafuna, bila kujijua walipunguza chakula kingine kufidia. Walipokunywa, hawakupunguza kitu, na uzito ukapanda. Sukari ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni njia iliyopitia.

Hapo juisi nayo inaingia, hata ile uliyokamua mwenyewe. Watafiti wa Bristol, Uingereza, mwaka 1977 waliwapa watu matofaa mazima, yaliyopondwa, na juisi yake. Juisi ilinyweka mara kumi na moja haraka kuliko kula tunda zima, na ndiyo iliyoshibisha kidogo kuliko yote. Glasi moja ya juisi ya machungwa ni machungwa matatu au manne. Nani anakula machungwa manne kwa mkupuo? Kwa hiyo embe lile, chungwa limenye, nanasi likate. Usilisage.

Namna ya kuacha sukari kwenye chai: usiikate siku moja. Punguza nusu kijiko kila wiki. Ongeza kinachojaza ladha, yaani tangawizi, iliki, mdalasini au mchaichai. Ulimi huzoea, baada ya miezi miwili chai ya zamani utaiona kama sharubati. Chai ya maziwa iachie maziwa, ondoa sukari.

Pombe: gramu moja ya kileo chenyewe ina kalori 7, karibu sawa na mafuta. Bia ya nusu lita hubeba kalori 200 hivi, na pombe huamsha hamu ya nyama choma, chipsi na kingine cha kusindikizia.

HATUA YA 2: PROTINI KILA MLO, HASA ASUBUHI

Angalia kifungua kinywa chetu: chai ya sukari na maandazi, au chai na mkate, au chai na vitumbua. Ni wanga, sukari na mafuta. Kufika saa nne na nusu mikono inatetemeka, na muuza sambusa akipita anakupata.

Protini ndiyo inayoshibisha kuliko virutubisho vingine, ndiyo inayogharimu kumeng'enywa, na ndiyo inayolinda misuli wakati mwili unachoma akiba. Usipokula ya kutosha, sehemu ya kilo utakazozifurahia kwenye mizani itakuwa misuli iliyoyeyuka. Anayepunguza uzito hufaidika na gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Kwa mtu wa kilo 70 ni kama gramu 85 hadi 110. Aliye mnene sana ahesabu kwa uzito anaoulenga. Mwenye figo mbovu asifuate namba hizi.

Watu husikia protini wakafikiria kuku wa kisasa na unga wa kopo wa kwenye ukumbi wa mazoezi, wakakata tamaa. Hebu tuangalie sokoni. Mayai mawili ya kuchemsha ni gramu 12. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva ni 15. Nusu lita ya maziwa mgando ni 16. Gramu 50 za dagaa wakavu ni kama 30, maana zaidi ya nusu ya uzito wa dagaa mkavu ni protini tupu. Ugali wa gramu 200 za unga unaongeza 16. Jumla 89, bila kuingia buchani. Dagaa tunamdharau kwa kuwa ni wa bei ya chini, na kwa anayepunguza uzito sijaona kitoweo kinachomshinda.

Kwa hiyo asubuhi: mayai na muhogo wa kuchemsha, maharage yaliyobaki jana na kiazi kitamu, mtori wenye nyama, maziwa mgando na ndizi mbivu, supu ya samaki au ya kongoro iliyoenguliwa mafuta, bila chapati mbili pembeni. Ukilazimika kubaki na chai na andazi, andazi liwe moja na yai liwepo.

HATUA YA 3: USIACHE UGALI, BADILISHA UGALI

Kuna ushauri unaozunguka kwamba ukitaka kupungua uache ugali, wali na ndizi kabisa. Unapungua kweli wiki ya kwanza, kilo mbili au tatu, na kila mtu anashangilia. Sehemu kubwa ya kilo hizo ni maji. Mwili huhifadhi wanga kwenye misuli na ini ukiwa umeshikamana na maji, karibu gramu tatu za maji kwa kila gramu moja. Ukimaliza akiba hiyo maji yanatoka. Siku ukirudi kwenye ugali yanarudi usiku mmoja. Halafu mtu anaamini ugali mmoja umemnenepesha kilo mbili.

Gramu 100 za sembe na gramu 100 za dona zina kalori karibu sawa, 350 na ushee. Kwa mhesabu kalori hakuna cha kuchagua hapo. Lakini sembe imekobolewa: pumba na kiini vimekwenda kulisha kuku na ng'ombe, na pamoja navyo nyuzinyuzi nyingi, madini na mafuta mazuri ya kiini. Nyuzinyuzi, au makapimlo kama wataalamu wa lishe wanavyoziita, hupunguza mwendo wa chakula, hulisha bakteria wema wa utumbo mpana na kutuliza kupanda kwa sukari. Jambo hili lina historia ya Afrika Mashariki. Madaktari Hugh Trowell na Denis Burkitt walifanya kazi Uganda miaka mingi katikati ya karne ya 20, wakaona kwamba magonjwa yaliyojaza wodi za Uingereza, kama kisukari cha ukubwani na magonjwa ya utumbo mpana, yalikuwa adimu kwa watu waliokula mizizi, maharage, ndizi na nafaka nzima. Baadaye wakatumia uzoefu huo kuieleza dunia umuhimu wa nyuzinyuzi. Sasa sisi ndio tunaohitaji kukumbushwa.

Dona ina mambo yake. Kiini kina mafuta, kwa hiyo unga wake huchacha haraka. Saga wa wiki mbili, si wa miezi mitatu. Na chambua mahindi kabla ya kusaga: yenye ukungu, yaliyobadilika rangi au kunyauka toa yote na uyatupe, usimpe hata kuku. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, si hadithi. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha mikoa ya Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na kupika hakuiondoi.

Chaguo langu la kwanza kwa wanga, mbele hata ya dona, ni makande. Kwa Wakenya, githeri. Punje nzima na maharage katika sufuria moja: lazima utafune, inakaa tumboni, ina protini, na haidai mafuta. Mtu anayekula makande mara tatu kwa wiki bila kuyazamisha kwenye nazi ameshafanya kazi kubwa. Baada ya hapo, viazi vitamu, mihogo, magimbi na ndizi za kuchemsha. Mtama na ulezi. Wali mwisho, si kwa ubaya wake, ila kwa jinsi unavyoteleza na mchuzi na kujazwa tena bila mtu kuhisi.

Wanga uliopikwa ukapoa hubadilika kidogo: sehemu yake huwa ngumu kumeng'enywa na hufanya kazi kama nyuzinyuzi, hata ukiupasha moto tena. Faida ipo lakini ni ndogo. Ukifanya kiporo cha wali, kipoze haraka na kukiweka kwenye friji. Wali uliolala mezani usiku kucha huleta kuharisha na kutapika.

Kiasi: ugali ulingane na ngumi yako moja, au ngumi moja na nusu ukifanya kazi ya nguvu. Kijana wa kubeba zege asifuate sahani ya karani.

HATUA YA 4: MBOGA NUSU YA SAHANI, NA ULE MBOGA KWANZA

Mchicha, matembele, mnafu, sukuma wiki, majani ya maboga, mlenda, bamia, kabichi: vyote ni maji na nyuzinyuzi kwa kalori chache mno. Vinajaza tumbo, na tumbo hupeleka taarifa ya shibe kwa kutanuka, siyo kwa kusoma kalori. Kwetu mboga huja kama kijiko kimoja pembeni ya mlima wa ugali. Geuza mlima huo.

Mpangilio wa kula nao una nguvu yake. Mwaka 2015 watafiti wa Weill Cornell, New York, waliwapa wagonjwa wa kisukari mlo uleule kwa siku mbili tofauti. Siku walipoanza na mboga na kuku, mkate na juisi ya machungwa vikaja mwisho, sukari ya damu baada ya saa moja ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Nyumbani fanya hivi: kachumbari au mboga nusu bakuli kwanza, kitoweo kifuatie, kisha ndipo umege ugali. Utashangaa unavyobaki.

HATUA YA 5: CHUPA YA MAFUTA

Mboga ni nzuri, na sisi tunaiharibu kwa mkono unaomimina. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia ni kalori 120. Lita moja ina zaidi ya 8,000. Andika tarehe kwenye chupa siku unayoifungua, kwa kalamu ya wino usiofutika. Nyumba ya watu wanne ikimaliza lita kwa wiki moja, kila mmoja ameingiza karibu kalori 300 kwa siku kutoka kwenye chupa pekee, bila kushiba hata kidogo. Hesabu hii moja imenibadilisha upikaji kuliko ushauri wote niliowahi kusoma.

Chupa ihamie kabatini, mezani kibaki kijiko. Kitoweo cha watu wanne vijiko viwili vinatosha: kaanga kitunguu kwa moto mdogo, tia nyanya mapema ili maji yake yasaidie, funika. Dagaa wakaushe kwenye sufuria kavu mpaka wanukie, kisha waunge na nyanya na ndimu. Samaki mchome, au umpike chukuchuku. Mchemsho wa kuku wa kienyeji na ndizi na karoti ni chakula cha heshima kisichohitaji tone la mafuta.

Nazi: sikwambii uiache, hasa kama wewe ni wa Pwani. Weka kasimile, yaani tui zito la kwanza, kidogo mwishoni kwa ladha, mapishi yenyewe yaende na tui la pili. Na kisamvu kiwe na nazi au karanga, chagua kimoja, na ukishachagua usiongeze mafuta. Chakula kilichotiwa vyote vitatu kina uzito wa chipsi kikiwa kimevaa nguo za mboga.

HATUA YA 6: VYA PAKITI

Rudi kwenye jaribio la Kevin Hall. Soseji, biskuti, tambi za dakika tatu, krispi, mkate mtamu, juisi za boksi: vimetengenezwa laini, vimekolezwa, vinamezwa haraka kuliko taarifa ya shibe inavyosafiri. Soma orodha ya viambato. Vinaandikwa kwa kufuata wingi, kwa hiyo sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, hicho ni kitamutamu hata kama pakiti ina picha ya ngano. Orodha ikiwa na vitu usivyoweza kuvikuta jikoni kwa mtu yeyote, kirudishe rafuni.

Kilimanjaro kulifanyika utafiti uliochapishwa mwaka 2025, ukihusisha wanaume 77 wenye afya. Waliokula vyakula vya asili walihamishiwa vyakula vya mtindo wa kizungu kwa wiki mbili, na wengine wakafanya kinyume chake. Wiki mbili zilitosha kuonyesha dalili za uchochezi, yaani mwili kuwaka kana kwamba unapambana na maradhi, katika damu ya wale walioacha vyakula vya asili, na waliorudi kwenye ndizi, maharage na mboga uchochezi ulishuka. Utafiti ule ulihusu kinga ya mwili, siyo kitambi. Ila unaonyesha jinsi mwili unavyosikia haraka tunachobadilisha.

Kiandae unachotafuna mapema: karanga za kuchoma kiganja kimoja, si mfuko, tango, karoti, yai, tunda. Njaa ya saa kumi jioni haina subira.

HATUA YA 7: NJE YA NYUMBA

Kwa mama ntilie wewe ndiye mteja, sema: "Wali nusu, maharage na mboga ongeza, mchuzi bila mafuta ya juu." Watu wanaona haya kusema hivyo, lakini mama ntilie wengi wanakubali bila neno. Usiku ukikosa kingine, mishikaki na kachumbari ichukue nafasi ya zege, yaani chipsi mayai.

Kwenye sinia la pamoja ni vigumu kujua umekula kiasi gani. Anzia upande wa mboga na kitoweo, mega matonge madogo, na uache kula ukiwa bado unaweza kuendelea.

Ramadhani huwashangaza wengi kwa kuongeza kilo. Chanzo si saum, ni futari: viazi vya nazi, kaimati, tambi za sukari, sambusa na sharubati kwenye mkeka mmoja. Fungulia tende na maji, kunywa supu au uji usio na sukari nyingi, nenda kasali, ukirudi tumbo limeshatulia. Chagua kimoja cha nazi au kimoja cha kukaanga, na kitamu kimoja. Daku iwe na protini, maharage au mayai, siyo chai na mkate peke yake.

HATUA YA 8: KUFUATILIA

Usibadilishe vyote Jumatatu moja. Vinywaji wiki mbili za kwanza, protini ya asubuhi wiki ya tatu, mafuta ya nne, na kuendelea. Pima mara moja kwa wiki, siku ileile. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri, na nusu kilo haihitaji kuonewa aibu: ni zaidi ya kilo 12 kwa miezi sita. Wanawake watarajie mizani kupanda kidogo karibu na hedhi kwa sababu ya maji.

Lala. Chicago mwaka 2010 watafiti waliwapunguzia watu chakula kwa kiwango kimoja. Walipolala kwa muda wa saa tano na nusu walipungua kilo sawa na walipolala kwa muda wa saa nane na nusu, lakini mafuta yaliyotoka yalikuwa pungufu kwa zaidi ya nusu. Kilichobaki kilitoka kwingine, misuli ikiwemo.

Uzito ukigoma wiki tatu, rudi kwenye tarehe ya chupa ya mafuta, kisha vijiko vya sukari, kisha vitu vya kumegamega. Mara nyingi kimojawapo kimerudi kimyakimya. Usikimbilie chai za kupunguza tumbo: nyingi zina majani ya sena, ambayo ni dawa ya kuharisha. Unachopoteza ni maji na chumvi za mwili, mafuta yapo palepale.

Na siku utakapofika uzito unaoutaka, utahitaji kula zaidi kidogo ili usiendelee kupungua. Nyongeza hiyo itoke kwenye dona, viazi, maharage au matunda, robo ngumi kwa wiki mpaka mizani isimame. Sukari na mafuta vibaki vilivyo.